Seli za HeLa: mwanafunzi aandike "zilipatikana", "zilichukuliwa" au "alizichukua"?

Mlezi wa Klabu
Ndugu wanajukwaa, ninasimamia klabu ya sayansi katika shule ya sekondari, na kila muhula wanafunzi huandaa gazeti la ukutani kwa Kiswahili ili wazazi wanaofika shuleni wasome wanachojifunza watoto wao. Safari hii tumechagua seli za HeLa, zilizotokana na uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyetibiwa katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akafariki tarehe 4 Oktoba 1951 akiwa na miaka 31. Baadhi ya wanafunzi walidhani jina hilo ni hela ya mfukoni, nikawaeleza kuwa ni herufi mbili za mwanzo za kila jina lake.

Nina maswali mawili. Niwaelezeje wazazi kwa nini seli hizi zingali hai ilhali mwenyewe alifariki? La pili linanisumbua zaidi. Mwanafunzi mmoja ameanza hivi: "Mwaka 1951 seli zilipatikana kutoka kwa mgonjwa." Kisayansi sioni kosa, lakini kila nikiisoma nahisi kuna mtu amefichwa, na sijui nimwelekeze vipi.

Mfanyakazi wa Maabara
Mwalimu, seli moja moja za HeLa hufa kila siku. Kilichodumu ni ukoo wake. Seli ya kawaida ya binadamu ikikuzwa maabara hugawanyika takriban mara 50 kisha hukoma, kwa kuwa kila inapogawanyika, ncha za kromosomu zake, yaani telomea, hupungua urefu. Seli za HeLa zina kimeng'enya kiitwacho telomerasi, ambacho huzirefusha ncha hizo upya. Zaidi ya hapo, zimebeba vinasaba vya virusi vya papiloma aina ya 18, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na protini mbili za virusi hivyo huwalemaza p53 na Rb, protini walinzi ambao wangeizuia seli isigawanyike ovyo. Ndiyo maana huongezeka maradufu kwa muda wa siku moja hivi. Wazazi wenye mabinti waelezwe pia kwamba chanjo inayotolewa kwa wasichana nchini Tanzania tangu 2018 hukinga dhidi ya aina hiyo ya 18.

Mwalimu wa Kiswahili
Hisia yako ni sahihi, Mwalimu, na sarufi inaieleza. "Zilipatikana" ni kauli ya kutendeka, kauli ambayo haina nafasi ya mtenda. Mtoto aliyeangusha kikombe husema "kimevunjika", na hatuwezi kumwongezea "na fulani" hapo mbele. "Zilichukuliwa" ni kauli ya kutendwa, inaweza kumficha mtenda, lakini angalau inamruhusu msomaji aulize, "na nani?" "Daktari alizichukua" haimfichi mtu. Kwa hiyo usimpe mwanafunzi jibu; mwombe aandike sentensi zote tatu, kisha aeleze kila moja imemtoa nani jukwaani. Katika miaka yangu ya kusahihisha insha nimeona zoezi hili likifundisha kuliko wino mwekundu.

Neno "mgonjwa" nalo lichunguzwe. Kwa miaka mingi wasomaji waliambiwa kwamba mwenye seli ni "Helen Lane", jina ambalo halikuwa lake. Mwanafunzi analijua jina la kweli, basi na aliandike. Ila asivuke mpaka akaandika "ziliibwa", kwa sababu wakati huo madaktari hawakuwa na desturi ya kuomba ridhaa ya namna hiyo, na neno la mahakamani lingefunika jambo lenyewe, kwamba hakuulizwa.

Mwanafunzi wa Sosholojia
Naongeza kwamba sentensi isimlaumu daktari mmoja hadi ikausahau utaratibu mzima. Wagonjwa weusi walilazwa katika wodi zilizotengwa, na George Gey, ambaye maabara yake ilizikuza seli hizo, aliwagawia watafiti wenzake bila malipo. Biashara ilikuja baadaye. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walichapisha jenomu ya HeLa, yaani mpangilio mzima wa vinasaba vyake, bila kuihusisha familia, na mwezi Agosti mwaka huo huo taasisi za taifa za afya za Marekani zikakubaliana na familia kwamba wawakilishi wake wakae katika kamati inayopitia maombi ya kuitumia. Mwaka 2023 warithi na kampuni ya Thermo Fisher Scientific, waliyoishtaki kwa kujipatia faida kutokana na seli hizo, walimaliza shauri lao kwa makubaliano ambayo masharti yake hayakutangazwa.

Mlezi wa Klabu
Nawashukuru sana. Leo mchana aliandika zote tatu, akafuta mbili za kwanza mwenyewe, kisha akairefusha iliyobaki: "Mwaka 1951, daktari alikata kipande cha uvimbe wa Henrietta Lacks bila kumuuliza, na Mary Kubicek akazikuza seli zake katika maabara ya George Gey." Nilimuuliza kwa nini ameacha "seli zake" badala ya "seli za HeLa". Akanijibu kwamba zilipokatwa zilikuwa bado hazijapewa jina jingine.