Tupeane uzoefu: Tabia yako inakufuata hadi kitandani? Wasiolala, wanaokabwa na wanaopigana usingizini njooni

Mwanaduka
Habarini za jioni wanajamvi.

Juzi nilienda kumwona daktari kwa ajili ya kukosa usingizi. Nilitegemea aniulize nakula nini usiku, anipime presha, aniandikie vidonge niondoke. Yeye akaweka kalamu chini akauliza: "Ukipishana maneno na mtu asubuhi, jioni bado unayo?" Nikacheka, maana bado ninayo maneno ya mteja wa mwezi wa kwanza aliyesema saruji yangu imeganda.

Akaendelea. Ukifunga duka unarudi kushika kufuli? Narudi. Hesabu ikizidi shilingi mia unafanyaje? Narudia kitabu chote mpaka niione. Mtu asipopokea simu unawaza nini? Nawaza ajali. Akasema watu wa aina yangu anawapokea wengi, na kwamba kati ya tabia zote za binadamu, wasiwasi ndio unaoongoza kuandamana na kukosa usingizi, ukifuatwa na ile ya kutaka kila kitu kinyooke bila kasoro. Deni likimpata mtu yeyote, usingizi unapungua. Mwenye wasiwasi anaweza kulimaliza deni na bado halali, kwa sababu sasa anauogopa usiku wenyewe.

Hapo alinipata. Mimi giza likiingia tu naanza kupiga hesabu: nikilala saa 4 nitapata masaa mangapi, nikilala saa 6 je? Saa 8 usiku macho yamenitoka, nasikia friji ya jirani inavyowaka na kuzima, nawaza kama yule mama wa misumari nilimrudishia chenji.

Wengine mkoje? Uzi tayari.

Kitonga Mlimani
Umenielezea mimi. Sina la kuongeza.

Boda wa Mbezi
Mimi nalala juu ya pikipiki, kichwa kwenye tenki, malori yanapita. Shida yenu magodoro mazuri.

Mwanaduka
Kiongozi, wewe umechoka, mimi nina wasiwasi. Hatuko sawa.

Boda wa Mbezi
Njoo ushinde kijiweni siku moja uone huo wasiwasi utakaa wapi.

Msoma Alama
Daktari wako yuko sahihi. Wanasaikolojia wanaopima haiba ya mtu hutazama mambo makubwa matano: wasiwasi, uchangamfu, upole kwa wengine, uwajibikaji na upana wa fikra. Kwenye kukosa usingizi wasiwasi unajitokeza karibu kila wanapopima. Kingine ambacho wengi hawakijui, watu wanaoamka alfajiri wenyewe bila alamu, kwa wastani hupata alama za juu za uwajibikaji kuliko wanaokesha.

Mchora Usiku
Kwa hiyo sisi wa usiku hatuwajibiki? Nachora mabango na nembo, na kazi zangu zote za maana zimetoka kati ya saa 5 usiku na saa 9. Mama mkwe alikuja kukaa kwetu. Kila asubuhi anafagia hadi mlangoni kwangu, anagongesha mpini wa fagio ukutani, halafu anamuuliza mke wangu kwa sauti ili nisikie: "Mwenzio anaumwa?" Hajui kwamba saa 9 usiku nilikuwa namtumia mteja kazi yake. Nikijilazimisha kulala saa 4 natazama dari tu, mwili haujafika. Ofisi na shule vimepangwa kwa ajili ya wenye kuamka mapema, halafu mnatupima kwa saa zao na kutuambia hatujali.

Msoma Alama
Mkuu nimesema kwa wastani, sijakutaja wewe.

Mchora Usiku
Huo wastani wenu ndio unaotunyima kazi.

Mzee wa Zizi
Ng'ombe hajui wastani. Saa 11 alfajiri anadai.

Mama Watatu
Mimi kwangu ilikuwa kinyume, usingizi ndio ulioharibu tabia. Nimeolewa na mtu mcheshi. Ghafla akawa mkali, anasahau, anagombana na wenzake kazini, kanisani mahubiri hayajafika nusu kidevu kiko kifuani. Wifi zangu wakasema nimembadilisha kaka yao. Wakati huo wote usiku anakoroma mpaka watoto wanahamia sebuleni, kisha kimyaa. Namtazama, kifua kinapanda lakini hewa haiingii, nakaribia kupiga kelele, ndipo anashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo. Halafu inaanza upya.

Ikaja kujulikana kwamba koo linaziba akilala. Hakuwa analala, alikuwa anaamshwa usiku kucha bila kujijua. Wakamwambia apunguze kitambi na aache bia za usiku. Mimi nikamshonea mfuko mgongoni mwa fulana nikatia mpira wa tenisi, akigeuka chali unamchoma anarudi ubavu. Baadaye akapata na mashine ya kusukuma hewa puani. Mume wangu amerudi, hata utani wake mbovu umerudi. Wifi hawajasema pole mpaka leo.

Kitonga Mlimani
Mpira wa tenisi! Kesho niko Kariakoo.

Mpemba wa Wete
Hili la kulala chali limenikumbusha mbali. Sie tulokuwa Pemba mwaka 1995 tunajua kukabwa ni nini. Wakati ule wa Popobawa, jini lililosemwa linawakaba watu usiku, watu walitoka na mikeka wakalala nje makundi makundi, moto unawaka, hapana anayetaka kuwa peke yake chumbani. Mimi alinijia. Macho yamefunguka, naiona taa, nawasikia wenzangu wanazungumza uani, lakini mkono hauinuki, ulimi mzito, na kitu kimenikalia kifuani. Naapa nilikuwa macho.

Miaka mingi baadaye daktari akanieleza: ukiwa ndotoni ubongo huufunga mwili usije ukaitenda ndoto. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto bado haijaisha, basi unaona viumbe. Huja zaidi kwa aliyekesha, mwenye hofu na anayelala chali. Sasa wewe fikiri, kisiwa kizima kina hofu, hakilali. Tungepona vipi?

Ustaadh Kando
Majini yapo, yametajwa ndani ya Kitabu. Msiyageuze yote kuwa ubongo.

Mpemba wa Wete
Sijayakataa, yakhe. Nasema nilipoanza kulala ubavu yakaniacha.

Binti Fundi
Nilikuwa napita kimya kimya lakini mmenifungua kidonda. Kaeni vizuri, ni ndefu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Korogwe. Mtu mpole kupita kiasi, mteja akikataa kulipa baba ndiye anaomba msamaha. Sijawahi kumwona akimchapa mtoto. Alipovuka miaka hamsini akaanza kupiga kelele usiku. Mwanzoni maneno tu, "Toka! Toka shambani!" Kisha mateke. Akavunja fito ya chandarua. Usiku mmoja akampiga mama ngumi ya taya. Asubuhi mama kavimba, akawaambia majirani kateleza bafuni, nao wakamwitikia huku wakitazamana.

Habari ikawafikia wajomba. Wakaja na kanzu zao, kikao kikaitishwa sebuleni, baba anasomewa shtaka la kumpiga mke. Nilikuwa jikoni nachungulia kwenye pazia. Baba analia, anasema, "Shemeji zangu, mimi nilikuwa nafukuza nguruwe. Walikuwa wanamaliza mahindi." Mjomba mkubwa akauliza, "Nguruwe gani, wewe una shamba?" Hana. Hajawahi kuwa na shamba la mahindi. Akatozwa faini. Mama anaapa kwamba mumewe alikuwa amelala, hakuna anayemsikiliza, wanaona anamfichia aibu.

Baada ya hapo tukaenda kwa mganga. Jogoo mwekundu, kombe, kuoga njia panda. Baba akaendelea kupigana na nguruwe. Mama akawa kila usiku anachukua ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, anaufungia kwenye sanduku la nguo na ufunguo anaufunga kwenye pindo la khanga. Mchana baba ni yule yule, anapiga mluzi, anapima watu. Mtaani wakamwita mnafiki, kondoo wa mchana.

Miaka ikapita. Mimi ndiye nilianza kuona mwandiko wake kwenye daftari la vipimo unapungua, namba ndogo mpaka hazisomeki. Maharage yanaungua jikoni, yeye kakaa hapo hapo hasikii harufu. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka akiwa ametulia. Tukamleta Dar. Daktari akatazama mkono, akatazama anavyotembea, halafu akamgeukia mama: "Mama, huyu mzee usiku analala vipi?"

Mama alicheka mpaka akalia. Miaka yote ile ndiye mtu wa kwanza kumuuliza.

Ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka. Akatueleza kwamba ile kamba ya kuufunga mwili wakati wa ndoto aliyosema Mpemba, kwa baba ilikatika, na kwa wengi inakatika miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Chai Maharage
Hii chai ina tangawizi na mdalasini. Nguruwe, mkasi, wajomba, umeandika tamthilia.

Binti Fundi
Baba yangu yuko kitandani nikiandika hapa. Kunywa chai yako salama.

Boda wa Mbezi
Chai Maharage omba radhi kabla sijakutafuta.

Sista wa Zamu
Mimi ni muuguzi na sio chai. Ugonjwa huu wa kupigana ndotoni ulielezwa na madaktari wa Minnesota, Marekani, mwaka 1986, na wengi wanaoupata ni wanaume waliovuka miaka 50. Hata ule upole wa baba yake umeandikwa. Madaktari walishangaa kuona ndoto zimejaa mapambano, mara nyingi mtu anajitetea dhidi ya wanyama au wavamizi, wakati mchana hana ugomvi na mtu. Kwa hiyo Mwanaduka, tabia kweli inaambatana na usingizi, lakini usihukumu tabia ya mtu kwa anachofanya akiwa amelala.

Chai Maharage
Basi yaishe. Dada samahani, mpe pole mzee.

Mchora Usiku
Ile faini ilirudishwa?

Binti Fundi
Mjomba mkubwa alileta mbuzi. Hakusema ni wa nini.

Kitonga Mlimani
Turudi kwa Mwanaduka. Maziwa ya moto na asali, saa 3 uko kitandani, habari imeisha.

Msukuma Halisi
Mimi natumia Piritoni mbili, nalala mpaka kunakucha.

Sista wa Zamu
Piritoni ni dawa ya mzio. Usingizi wake ni madhara ya pembeni, mwili unazoea haraka, na asubuhi unaendesha gari ukiwa na ukungu kichwani. Kwa wazee ndiyo kabisa, inawachanganya na kuwazuia haja ndogo.

Msukuma Halisi
Basi pombe kali kidogo.

Sista wa Zamu
Itakulaza saa 4 na kukuamsha saa 8. Muulize anayekunywa.

Kitonga Mlimani
Anayekunywa anathibitisha.

Ustaadh Kando
Ukikosa usingizi amka usali. Ukilala heri, usipolala heri.

Mwanaduka
Ajabu ni kwamba daktari aliniambia karibu hivyo hivyo. Hakunipa vidonge. Kasema nisiwahi kitandani kabisa: niende saa 6 usiku hata kama saa 3 nasinzia, niamke saa 11 hata kama nimelala kidogo, mchana nisijinyooshe. Nikikaa kama dakika 20 sijalala nitoke chumbani, nikae kwenye kiti taa hafifu, nirudi nikisinzia. Na jioni kabla ya kula niandike kila kinachonisumbua kwenye daftari, pembeni yake nitakachofanya kesho. Nikamwambia, mimi nakuja kwa kukosa usingizi wewe unanipunguzia? Akasema ndiyo, usingizi ukiwa mchache utashikana, na ukishashikana tutauongeza kidogo kidogo.

Kitonga Mlimani
Kwa hiyo maziwa yangu hayana kazi.

Mwanaduka
Nakunywa, ila saa 6.

Boda wa Mbezi
Sista, swali. Mimi juzi nimemrukia mtu ndotoni nikaangukia stuli. Nina 34. Ndio Parkinson?

Sista wa Zamu
Mara moja moja kila mtu hushtuka, na zipo dawa za sonona zinazoweza kuleta hali hiyo kwa vijana. Ikijirudia nenda hospitali yoyote iliyo karibu, omba rufaa ya daktari wa mishipa ya fahamu. Nenda na unayelala naye, ndiye shahidi, wewe ulikuwa umelala.

Boda wa Mbezi
Nalala peke yangu.

Sista wa Zamu
Weka simu irekodi sauti usiku kucha, umpelekee daktari.

Boda wa Mbezi
Sawa. Ila nikisikiliza nikakuta sauti mbili, namfuata Ustaadh.