Henrik Lundqvist: kipa asiye na Kombe la Stanley aliingiaje Jumba la Magwiji?

Kipa_Mtaani ameuliza:
Habari za humu wakuu. Napitia takwimu za Henrik Lundqvist, yule Mswidi aliyedaka hoki ya barafuni kwa New York Rangers ya NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, misimu 15, na kuna mambo hayajanikaa sawa. Kwanza, kwenye mgao wa chipukizi wa mwaka 2000, ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, alichukuliwa wa 205. Timu ziliona nini hadi zikampita? Pili, karibu kila picha yake amesimama juu ya mstari wa goli. Kwenye soka kipa anafundishwa atoke, apunguze goli. Mbona yeye alirudi ndani? Tatu, hakuwahi kubeba Kombe la Stanley, lile la bingwa wa NHL, lakini 2023 akaingizwa Jumba la Magwiji wa hoki mwaka wa kwanza tu aliostahili kupigiwa kura. Wanaoujua mchezo naomba mnieleweshe.

Nyavu_za_Nyuma amejibu:
Mkuu, nianze na la kusimama ndani, maana hapo ndipo ilipo siri yake yote.

Goli la hoki lina upana wa sentimita 183 na kimo cha 122. Paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, ina uzito wa gramu 156 hadi 170. Chukua mpigaji aliye mita 10, katikati kabisa. Kipa akisimama mita 2 mbele ya mstari, upana anaotakiwa kuuziba pale alipo ni kama sentimita 146. Akirudi hadi nusu mita, unakuwa kama 174. Kwa hiyo kweli kurudi nyuma kunafungua sentimita 28, na mafunzo yako ya soka hayajakosea.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. Shuti la kilomita 144 kwa saa linakwenda mita 40 kwa sekunde. Kipa wa mita 2 ana sekunde 0.20 za kuona na kujibu. Wa nusu mita ana karibu 0.24. Kwa mtu mwenye macho na mikono ya Lundqvist, hizo sehemu nne za mia ni nyingi sana.

Faida kubwa zaidi ni kwenye pasi ya kukata uwanja. Paki ikihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka katikati ya goli, kipa wa mita 2 analazimika kuteleza mita 2 ili akae tena mbele ya mpigaji. Wa nusu mita anasogea nusu mita tu. Mabao mengi ya siku hizi yanatoka kwenye pasi hizo na kwenye paki inayorudi baada ya kuokolewa, si kwenye shuti la mbali ambalo kipa analiona tangu mwanzo.

Aliyempeleka huko nyuma ni Benoit Allaire, aliyekuwa kocha wa makipa wa Rangers. Enzi zake uwanja wa kimataifa kwa kawaida ulikuwa na upana wa mita 30, wa NHL kama mita 26 hivi, kwa hiyo Amerika Kaskazini wapigaji wako karibu zaidi na paki inakufikia upesi. Kipa anayetoka nje sana huko anapitwa na pasi moja tu.

Mtindo huu una gharama zake. Ukipiga magoti mapema, ule mkao wa kipepeo ambapo pedi mbili zinafunika barafu yote ya chini, pembe za juu zinabaki wazi, na ukiwa ndani zinakuwa wazi zaidi. Lundqvist alifidia kwa kunyoosha kiwiliwili na kuweka mikono mbele ya mwili. Gharama ya pili: paki ikikupenya kwapani, nyuma yako hakuna nafasi ya kuiwahi. Ukiidaka huku glavu imevuka mstari mzima, ni bao.

Binti_wa_Göteborg amejibu:
Kuhusu namba 205. Amezaliwa Åre, kaskazini, tarehe 2 Machi 1982, na pacha wake Joel, naye mchezaji. Mwaka huohuo wa mgao Joel alichukuliwa na Dallas nafasi ya 68. Anayedharau namba hizo akumbuke pia kuwa aliyeitwa wa kwanza kabisa mwaka 2000 alikuwa kipa, Rick DiPietro, na waliomchukua ni New York Islanders, majirani wa Rangers. Makipa huchelewa kukomaa. Kumpima kijana wa miaka 18 anayedaka mbali, kwenye ligi ya vijana, ni kazi ngumu, na Rangers walimpata kwa sababu Christer Rockström, mtafuta vipaji wao wa Uswidi, alimpigania.

Hakwenda Marekani mara moja, na hilo lilimjenga. Alibaki Frölunda, klabu ya hapa Göteborg, akatwaa ubingwa wa Uswidi 2003 na 2005, na tuzo ya kipa bora wa ligi miaka mitatu mfululizo, 2003 hadi 2005. Msimu wa mwisho NHL ilikuwa imefungwa kwa mgogoro wa mikataba na wachezaji wengi wakubwa walikuja kucheza Uswidi, kwa hiyo alidaka mashuti yao kabla hajavuka bahari. Alipofika New York alishinda mechi 30 msimu wa kwanza, na katikati ya msimu huo akachukua dhahabu ya Olimpiki Turin, Februari 2006: Uswidi 3, Finland 2.

Wanaosema hakushinda kitu huwa wanaisahau kabisa timu ya taifa. Mwaka 2017, fainali ya ubingwa wa dunia Cologne, Uswidi na Kanada zilifika penalti na alizuia zote nne. Nahodha alikuwa Joel.

Mkoba_wa_Takwimu amejibu:
Naongezea hesabu. Asilimia ya uokoaji ni mashuti aliyookoa kugawanya yaliyolenga goli. Mashuti 28, mabao 3: 25/28, inaandikwa .893. Wastani wa mabao ni mabao mara 60, gawanya kwa dakika alizokaa golini. Bao linaloingia kipa akiwa ametolewa kumpisha mshambuliaji wa ziada halihesabiwi kwake, wala penalti za kuamua mshindi.

Jumla yake NHL: mechi 887, ushindi 459, klinshiti 64, uokoaji .918, wastani wa mabao 2.43. Tofauti ya .918 na .910 inaonekana ndogo, lakini kwa kipa anayepigiwa mashuti 1,750 kwa msimu ni kama mabao 14. Mwaka wa tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa NHL, 2011-12, alikuwa na ushindi 39, uokoaji .930 na wastani wa 1.97.

Huwa naona imeandikwa kwamba alifikisha ushindi 30 kila msimu. Si kweli. Alifanya hivyo misimu saba ya kwanza mfululizo, kipa wa kwanza kuweza. Msimu wa 2012-13 timu zilicheza mechi 48 tu, akaishia 24.

Kipa_Mtaani:
Asanteni sana. Na fainali ya Kombe la Stanley ya 2014? Halafu Washington Capitals walimsajili, mbona hakuna hata mechi moja?

Nyavu_za_Nyuma amejibu:
Fainali ile walifungwa na Los Angeles Kings mechi 4 kwa 1, lakini usiisome kwa namba hizo. Mechi ya 1, ya 2 na ya 5 zote ziliamuliwa muda wa nyongeza, na zote tatu Rangers waliwahi kuongoza. Ya mwisho Lundqvist aliokoa mashuti 48 kabla Alec Martinez hajafunga katika nyongeza ya pili. Ukitaka kuupima moyo wake, tazama mechi za saba, zile za kufa au kupona timu zikiwa zimeshinda tatu kwa tatu: alishinda 6 akapoteza 2, na hizo 6 zilikuwa za mfululizo, 2012 hadi 2015.

Washington ni hivi. Septemba 2020 Rangers walivunja mkataba wake ukiwa umebaki mwaka mmoja. Kanuni ya NHL kwa umri wake ni kulipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ikigawanywa kwa muda mara mbili ya uliosalia. Akasaini mwaka mmoja Capitals kwa dola milioni 1.5. Desemba akatangaza kuwa moyo hauruhusu, na Januari 2021 akapasuliwa: walibadilisha vali ya aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni), shina la aota na kipande chake kinachopanda. Alianza tena mazoezi, lakini Agosti 2021 akastaafu. Jezi yake namba 30 ilipandishwa darini kwa heshima Madison Square Garden, uwanja wa Rangers, tarehe 28 Januari 2022.

Ukipata video, anza na mechi ya 4 ya fainali ile, Rangers 2-1, aliokoa 40. Usifuate paki. Tazama visigino vyake vilipo kutoka mstarini kila paki inapohama upande.