Tarbia kuhusu utoto uliopita: mbona haigusi?

Swali
Naandika tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) ya beti 6 kuhusu kuuaga utoto. Mizani (silabi) 8 kwa 8 kila mshororo, vina vimetimia, lakini ikisomwa kwa sauti inapita tu. Mishororo miwili ya mwanzo na kibwagizo:

*Utoto ulishapita, nakumbuka ya zamani,*
*Machozi yananipata, huzuni tele moyoni,*
*Utoto sitaupata, haurudi asilani.*

Kasoro iko wapi? Au niihamishie kwenye utenzi?

Jibu la 1
Arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, iko sawa. Ila humo hamna mtoto: kuna huzuni, machozi na moyo, hakuna kitu cha kushikika. Kina cha -ni nacho kimekuponza. Moyoni, utotoni, nyumbani, yote huishia hivyo, basi neno linafika kabla ya wazo. Chukua kina kinachokulazimisha kutafuta, mfano -ti. Kisha tafuta kitu kimoja ambacho kimo chake hakikubadilika mtoto alipokuwa akirefuka. Tuseme komeo la mlango:

*Nikiruka na kuruka, komeo bado sipati,*
*Nikaenda, nikaweka, chini yake kile kiti,*

Kisha katika ubeti wa 6:

*Leo mkono washuka, komeo kulidhibiti,*

Mkono uliokuwa ukipanda sasa unashuka. Ukuaji wote umo humo, na neno "utoto" halijatajwa. Mizani uihesabu kwa mdomo, si kwa macho: "mkono" ni tatu kwa kuwa *m* ni silabi kamili, "ndoto" ni mbili.

Jibu la 2
Naongeza kibwagizo, maana kwangu ndicho kiini. "Haurudi asilani" kimemaliza habari yote ubeti wa kwanza, halafu kinairudia mara tano zaidi. Kwenye mada ya kupoteza, kibwagizo kizuri hakibadiliki maneno, hubadilika maana:

*Mama, hapa nimefika, mbona jina huniiti?*

Ubeti wa 1, ni mtoto juu ya kiti anayetaka kusifiwa. Ubeti wa 6, ni mtu mzima mlangoni pa nyumba isiyo na mtu. Usiguse hata silabi moja, wala usiseme kwamba mama amefariki. Ukisema, kibwagizo hakina kazi tena. Utenzi achana nao hapa. Hauna kibwagizo, na mishororo yake mifupi ya mizani 8 husukuma kisa mbele, ilhali shairi hili linahitaji kurudi nyuma.

Jibu la 3
Angalia na njeo, yaani nyakati za vitenzi. "Niliruka" hufunga mlango papo hapo, msomaji anajua yamekwisha. "Nikiruka" humwacha ndani ya siku zisizo na mwisho, kama mtoto anavyoziona. Kaa na -ki-, -ka- na hu- beti tano, kisha "leo" ije mara moja tu. Na mtoto wa beti za mwanzo asiseme "asilani" wala "majonzi", hayo ni maneno ya wakubwa.

Njia nyingine ni mashairi mawili. Mshairi Mwingereza William Blake alitoa yale ya utoto mwaka 1789, na mwaka 1794 akayaunganisha na ya upande wa pili, ya aliyekwisha kuyaonja maisha, mengine yakiwa na anwani ileile.

Muulizaji
Asanteni sana. Je, vina vya -ka na -ti vitawale beti zote 6?

Jibu la 2
Si lazima. Mishororo mitatu ya juu ibadili vina kila ubeti, kibwagizo kibaki na vyake. Ila ubeti wa 1 na wa 6 vina vifanane, ili sikio litambue limerudi kwenye mlango uleule.