Singe ya babu imegoma kwenye ala: mafuta, moto au umeme?

Mjukuu wa Keya
Wakuu, habari za jioni. Babu aliingia Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki), akapelekwa Bama (Burma) vitani mwaka 1944. Ameniachia singe (kisu cha kuchomeka mbele ya bunduki) ya Kiingereza ya muundo wa 1907, ile ya bunduki ya Lee-Enfield, bapa lake kama sentimita 43. Imelala darini miaka na paa linavuja. Haichomoki kwenye ala (ya ngozi, mdomo wa chuma), na kitufe cha kuifungulia kwenye bunduki hakibonyezeki. Kila mtu ananiambia lake: dizeli, ATF (mafuta ya gia otomatiki) na asetoni, moto wa gesi, siki, umeme wa chaja. Nianze na lipi?

Fundi Gereji
ATF nusu, asetoni nusu. Tikisa chupa kila unapotumia, maana vikitulia vinaachana. Nati iliyogomea dizeli siku tatu, hii naiacha usiku mmoja asubuhi inafunguka. Ikikaidi, gesi kidogo.

Mzee Randa
Asetoni kwenye mpini wa mbao? Itang'oa mafuta yote ya zamani ubaki na kuni. Na ngozi itakauka ipasuke. Hiyo si injini ya Fuso, mwanangu.

Bi Kutu
Shikamoo Mzee Randa. Mjukuu, moto sahau. Chuma kilichokazwa kikipita nyuzi 200 hivi huanza kupoteza ugumu, na ngozi itakuwa imejikunja zamani. Siki inakula kutu kweli, lakini inakula na rangi nyeusi ya kiwandani, halafu inajificha kati ya mbao na chuma usiweze kuisuuza.

Umeme na magadi (unatumbukiza chuma kwenye maji ya magadi na kukiunga na chaja) ndiyo naupenda kuliko vyote, kwa chuma kitupu tu. Hapo utatumbukiza nini wakati kuna mbao na ngozi? Siku ukija kuutumia kwa kitu kingine, fanyia nje, kwa sababu unatoa haidrojeni, na upande wa chanya usiweke kijiko cha stenlesi: maji yanageuka sumu ya kromiamu.

Kwako ni mafuta mepesi ya cherehani. Ndani ya mdomo wa ala kuna springi bapa zinazobana singe, na mara nyingi kutu huanzia hapo. Dondosha matone matatu manne asubuhi na jioni, usimwage. Upashe mdomo joto kwa draya ya saluni, mpaka mkono uone vuguvugu tu, kisha vuta kwa kunyoosha. Usizungushe hata kidogo, ule mshono wa nyuma ya ala utafumuka. Kitufe nacho: chokonoa uchafu wa kwenye mfuo wa kichwa cha mpini (mtaro unaoshika bunduki) kwa kijiti cha mwanzi. Kama kuna tundu dogo hapo (waliliongeza 1916), mafuta yapitishe humo.

Fundi Gereji
Draya ya saluni! Haya, nimenyamaza. Ila na mimi naongeza: gonga kitufe polepole kwa kipande cha mbao, mara nyingi, kila ukishatia mafuta. Mtikisiko unayafikisha ndani kuliko nguvu.

Mjukuu wa Keya
Siku ya tisa, wakuu. Jana jioni nilivuta, ikatoa sauti kama mlango wa stoo, ikaja sentimita mbili, ikagoma tena. Matone mengine, draya tena, leo asubuhi imetoka yote na mafuta meusi kama uji wa masizi. Mshono mzima! Karibu na mpini nimeona taji, GR, 1907 na chini yake 4 18, yaani Aprili 1918. Tundu lipo. Kitufe kinaingia nusu, hakirudi chenyewe. Nipige msasa bapa ling'ae?

Bi Kutu
Msasa utafuta hizo alama. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta basi. Kitufe kiendelee kunywa wiki nyingine, nati yake usiiguse. Na singe usiirudishe alani, ngozi inanyonya unyevu na tindikali yake inakula chuma. Viweke mbalimbali.

Mzee Randa
Picha ya mpini tafadhali.