Kampuni ya nje inataka CV zetu kwa ajili ya tenda ya Benki ya Dunia. Tusaini au tukaze?

Mtu wa Takwimu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa kimya, leo nimebanwa.

Nimefanya kazi ya ufuatiliaji na tathmini miaka 11, karibu yote kwenye miradi ya fedha za Wamarekani. Ile amri ya Trump ya kusitisha misaada ya nje ya Januari 20, 2025 ilipotoka tuliambiwa ni kusimama siku 90. Februari tukapewa barua za mwisho. Mafao yamekwenda kwenye ada za watoto, gari nimeliuza.

Tukajikusanya watatu tukasajili kampuni BRELA: mimi, mtaalamu wa takwimu niliyekuwa naye mradi mmoja, na rafiki yetu mhandisi wa maji ambaye bado ni mtumishi wa halmashauri fulani Kanda ya Ziwa. TIN ipo, leseni ipo, NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali, tumejisajili. Ofisi ni sebule yangu hapa Morogoro.

Mpaka sasa tumetuma EOI (barua za kuonyesha nia ya kufanya kazi) nane kwenye miradi ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hata moja haijatuingiza kwenye orodha fupi. Na CV zetu si za kuokoteza, tumeambatanisha na vyeti vyote, kurasa 60 na zaidi kila mara.

Sasa wiki hii imekuja barua pepe ya kampuni moja ya Ulaya. Wanawania tenda ya utafiti wa awali wa mradi wa maji vijijini, wanataka CV zetu na tusaini kwamba hatutafanya kazi na mwombaji mwingine yeyote kwenye tenda hiyo. Malipo hawajataja. Siku hiyo hiyo kuna jamaa kanipigia, anasema anawajua watu wa kamati ya tathmini, anataka asilimia 10 tukishinda na laki tano ya kuanzia. Na kuna tovuti inatoa taarifa za tenda za wafadhili kwa dola 400 kwa mwaka.

Naombeni ushauri wenu, hasa walioko ndani ya hizi kazi. Tunakosea wapi? Na hawa Wazungu tuwape CV?

Chekacheka

Laki tano ya kuanzia ni ya vocha za jamaa. Mkuu mblock kabla hujaendelea kusoma uzi wako mwenyewe.

Mzee wa Hadidu

Kijana, nimekaa upande wa kuandika maandiko na nimewahi kukaa upande wa kuyasahihisha, kwa hiyo nitakuambia ninachokijua.

Kwanza elewa unamuomba nani kazi. Benki ya Dunia haikuajiri wewe. Inaikopesha serikali, na serikali kupitia wizara, wakala au halmashauri ndiyo inayotangaza, inayotathmini na inayosaini mkataba na wewe. Benki inasimamia kanuni zifuatwe na kwenye hatua fulani inatoa ridhaa. Watu wengi wanaandika barua kwenda ofisi za benki wakidhani huko ndiko kazi zinakogawiwa.

Sasa hizo EOI zako nane. Soma tena tangazo lolote la kampuni (siyo la mshauri binafsi), utakuta sentensi inayosema kwamba wataalamu wakuu hawatatathminiwa katika hatua hii. Maana yake CV zenu za kurasa 60 hakuna aliyezisoma. Kinachopimwa pale ni kampuni: imewahi kufanya kazi gani zinazofanana, kwa nani, kwa thamani gani, lini. Kampuni yenu haina hata mwaka mmoja, kwa hiyo safu hiyo ni tupu. Miaka yako 11 ni mali yako wewe na ya shirika lililokuajiri, haihamii kwenye kampuni kwa sababu wewe ni mkurugenzi. Na orodha fupi ya kanuni za benki kwa kawaida ni kampuni tano mpaka nane. Ukishindana na watu wenye mikataba 20 ya aina hiyo, huwezi kuingia hata uandike kwa wino wa dhahabu.

Kwa hiyo milango yenu iko miwili tu kwa sasa. Mmoja ni kuomba kama mshauri binafsi. Huko CV ndiyo kila kitu, na kampuni haihitajiki. Wewe na mwenzako mna nafasi nzuri kuliko mnavyodhani. Wa pili ni kupanda mgongo wa kampuni yenye rekodi, kama wabia au kama wakandarasi wadogo, ili mwisho wa kazi kampuni yenu nayo ipate karatasi ya kuonyesha.

Kwa maana hiyo barua ya hao Wazungu ni mlango, ila mmeupokea bila kuuliza kufuli liko upande gani. Nitarudi kwenye hilo, naingia kikaoni.

dada_wa_uthamini

Naongezea hapo kwa Mzee. Mimi niko kwenye fidia na uhamishaji wa wananchi wanaopisha miradi. Nilianza kama mdadisi wa kuhesabu miti na makaburi, leo nina kampuni. Kilichonitoa ni kazi ndogo ambazo wakubwa hawazitaki. Tafuteni matangazo yanayosema uteuzi utafanyika kwa kigezo cha sifa za mshauri. Hizo ni kazi za fedha kidogo, hakuna mbio ndefu za maandiko, anayeonekana na sifa zaidi ndiye anayeitwa peke yake kuleta andiko na bei. Mashirika ya ndani pia yanatoa tathmini za milioni 15 au 20. Fanyeni tatu, muombe barua ya kukamilisha kazi kila moja, hapo ndipo EOI inaanza kuwa na nyama.

Halafu huyo mwenzenu mtumishi wa halmashauri, jina lake liko kwenye EOI zote?

Mtu wa Takwimu

Lipo dada. Ndiye mhandisi wetu, bila yeye hatuna mtu wa maji.

dada_wa_uthamini

Mtoeni leo. Kanuni za benki hazikubali mtumishi wa umma wa nchi inayokopa awe mtaalamu kwenye andiko, isipokuwa huduma yake ni ya kipekee au ushiriki wake ni wa lazima kwa mradi, sheria za ajira yake zinaruhusu, na hakuna mgongano wa maslahi.  Nimeshuhudia andiko zuri sana likitupwa kwa jina moja la mhadhiri ambaye hakuwa na barua ya ruhusa. Tulikuwa wa kwanza kwa alama. Sitasahau ile siku.

Nyamwezi Mtulivu

Tusidanganyane wakuu. Hizi kazi zina wenyewe. Wale wale kila mwaka.

Mzee wa Hadidu

Nyamwezi, wapo wanaocheza, sikatai. Lakini wengi wanaosema "zina wenyewe" hawajawahi kuomba maelezo ya kwa nini wameshindwa. Ni haki yako. Kwenye zabuni kubwa za benki, baada ya taarifa ya kusudio la kutoa mkataba kuna kipindi cha kusubiri, siku 10 za kazi, na ndani yake unaweza kuandika kuuliza alama zako na wapi umepungukiwa. Mimi niliuliza mara moja nikaambiwa mbinu yetu ya kazi ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi wanayotoa wao, neno kwa neno. Ilikuwa kweli. Niliona aibu lakini sijarudia.

Tena watu wanashusha bei wakidhani ndiyo dawa. Chukulia uwiano wa ufundi 80 na bei 20, mwenye bei ndogo anachukua zote 20 na mwingine anapata kwa uwiano wa bei yake. Wewe umepata alama 78 za ufundi kwa bei ya milioni 200. Mwenzako amepata 88 kwa milioni 300. Wewe: 62.4 jumlisha 20, unapata 82.4. Yeye: 70.4 jumlisha 13.3, anapata 83.7. Amekushinda na ni ghali kwa milioni 100. Nguvu yako iweke kwenye mbinu ya kazi na watu sahihi.

Sasa hao wa Ulaya. Usitume CV kabla hujapata majibu ya maswali haya kwa maandishi: mnaingia kama wabia au kama wakandarasi wadogo? Siku ngapi za kazi kwa kila mtu, kwa shilingi ngapi kwa siku? Nani analipia wadadisi, magari na vishikwambi? Ukiwa mbia, jua kwamba mnabeba dhamana ya mkataba wote kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mwenzako akikimbia, unadaiwa wewe. Kwa kampuni ya sebuleni mimi nisingeanza na ubia.

Na kufungwa kwa mwombaji mmoja si lazima. Kanuni zinazuia kampuni kuleta maandiko mawili kama mwombaji. Mkandarasi mdogo au mtaalamu anaweza kuonekana kwenye zaidi ya andiko moja kama nyaraka za zabuni hiyo zimeruhusu. Kama wanataka uwe wao peke yao, basi wakulipe kwa upekee huo, au wakuhakikishie siku zako.

Kibe wa Nairobi

Hapa Nairobi hiyo ilinikuta. Kampuni ya ng'ambo ilichukua CV yangu, ikashinda, kisha kimya. Miezi mitatu baadaye nasikia kuna kijana wao ameletwa kufanya kazi niliyoandikiwa mimi. Nilichokuja kujifunza ni kwamba baada ya mkataba hawawezi kukubadilisha wapendavyo. Lazima mwajiri akubali, na sababu iwe ya maana kama kifo au ugonjwa. Mimi nilinyamaza kwa sababu sikujua, wao wakaandika kwamba "hapatikani". Siku hizi nikisaini ile fomu ya CV naandika tarehe na jina la tenda juu ya kila ukurasa, na natunza nakala. Kwa mkono wangu, siyo sahihi ya kubandika kwenye kompyuta.

Chekacheka

Kibe pole sana. "Hapatikani" na simu iko hewani 😂

Fundi Hesabu

Hakuna aliyegusa hela, na hela ndiyo inayoua kampuni changa. Malipo yanakuja kwa ripoti. Unatoa ripoti ya kuanza kazi, wanaikalia, wanatoa maoni, unarekebisha, ndipo ankara inaanza safari. Katikati hapo una wadadisi 30 wanataka posho kila jioni, dereva anataka dizeli, na barua ya utambulisho inatoka mkoani kwenda wilayani mpaka kwa mtendaji wa kijiji, ikikwama siku mbili unalipa lojingi ya watu wote. Malipo ya awali yapo, lakini kwa kawaida wanataka dhamana ya benki, na benki itakuuliza hati ya nyumba.

Kodi ya zuio ni asilimia 5 kwa mkazi, inakatwa juu kwa juu, dai cheti chake ili ukitumie kwenye hesabu za mwaka. VAT iandike pembeni kwenye fomu ya bei, usiichanganye na ada, kwa sababu wakati wa kulinganisha bei hizo kodi zinaondolewa. Kuna kampuni ilizichanganya ikajiona ghali bure.

Hiyo tovuti ya dola 400 achana nayo. Matangazo ya Benki ya Dunia yako wazi kwenye tovuti yake bila malipo, ya taasisi za serikali yako NeST, na kujisajili ngazi ya msingi kwenye soko la ununuzi la Umoja wa Mataifa, UNGM, ni bure. Mnunulie mtoto bando akae anatazama kila asubuhi.

dada_wa_uthamini

Na huyo wa asilimia 10, usimjibu hata kwa utani kwenye WhatsApp. Benki ya Dunia ina orodha ya kampuni na watu waliofungiwa, iko hadharani. Tangu 2010 benki tano za maendeleo zina makubaliano: ukifungiwa na moja zaidi ya mwaka mmoja, nyingine nazo zinaweza kukufungia, ikiwemo ya Afrika. Kampuni yako haijapata kazi ya kwanza, usije ukaanza na hiyo.

Mtu wa Takwimu

Wakuu nimerudi, siku mbili zimepita. Nimeshamtoa mhandisi kwenye makaratasi, amenuna kidogo ila ameelewa. Dalali nimemblock. Mimi nimeomba nafasi mbili kama mshauri binafsi.

Wazungu niliwatumia maswali ya Mzee, yote. Nilidhani watakimbia. Wamejibu: ubia hawataki, wanatupa mkataba mdogo na kampuni yetu, siku 40 zangu na siku 25 za mwenzangu, wadadisi na magari ni juu yao. Kipengele cha upekee wamekibakiza. Bei ya siku ni ndogo kuliko niliyokuwa nalipwa zamani, karibu theluthi mbili ya ile.

Mzee wa Hadidu

Chukua. Mtu anayebeba gharama za wadadisi amekubebea mzigo mkubwa kuliko hiyo theluthi iliyopungua. Upekee kwa hizo siku 40 si mbaya, ila uwekwe mwisho: ukiisha muda wa tenda hiyo uwe huru. Na ongeza kipengele kimoja, kwamba kazi ikiisha watatoa barua ya uthibitisho yenye jina la kampuni, kiasi cha mkataba na kazi mliyofanya. Jina la kampuni, siyo lako wewe.

Mtu wa Takwimu

Nimewaandikia sasa hivi. Mzee, hiyo barua waitoe wao au halmashauri?

Mzee wa Hadidu

Wao ndio waliokupa mkataba, wao watoe. Ukiweza kupata na saini ya meneja wa mradi upande wa serikali, bora zaidi, lakini iombe wakati ripoti ya mwisho bado iko mezani kwake. Wakishalipana hakuna anayepokea simu.