Mada: Mama anapasuliwa mgongo wiki ijayo, nijiandae vipi?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mama naishi naye hapa Ohio, ana grinkadi miaka saba sasa na Medicare, bima ya serikali ya wazee, anayo. Wiki ijayo anafanyiwa upasuaji wa mgongo sehemu ya kiunoni. Mfereji wa uti umekuwa mwembamba unabana mishipa ya fahamu, akitembea kidogo tu miguu inakufa ganzi. Ana miaka 74. Nyumbani tuko mimi, mke wangu na watoto wadogo, na sote wawili tunafanya kazi. Waliouguza mzazi kwa jambo hili naomba mwongozo.

Mdogo wenu, Columbus

*

Mdogo wangu, pole, na Mungu amfanyie wepesi mama. Nilimuuguza baba baada ya upasuaji kama huo, na kazi yangu hapa ni kuhudumia wazee, kwa hiyo haya nayaona kila siku.

Kubwa ni swali moja utakaloulizwa kabla mama hajaruhusiwa: nyumbani kuna mtu wa kumwangalia? Sisi hujibu mbio, "Tupo," maana kusema vingine ni kama umemtupa mzazi. Usijibu hivyo. Sema ukweli wote: kuanzia saa fulani hadi saa fulani hakuna mtu, ngazi ni ngapi, choo kiko juu au chini. Jibu lako linaandikwa, na ndilo wanalolitazama wakipanga kama akalazwe kwanza kituo cha uuguzi na mazoezi ya kurudisha nguvu au aletewe muuguzi na mtu wa fiziotherapia nyumbani. Ukishasema mpo, mnaondoka na woka, ile fremu ya kushikilia akitembea, na karatasi.

Kituo hicho, Medicare ya kawaida inalipia siku 20 za mwanzo zote, halafu hadi siku ya 100 kwa kuchangia, na mchango wenyewe si mdogo. Sharti mgonjwa awe amelazwa hospitalini siku 3 mfululizo, na siku ya kutoka haimo. Hapo ndipo watu wengi wananaswa. Mama anaweza kulala wodini, kavaa gauni la hospitali na dripu mkononi, kumbe kwenye faili ameandikwa yuko kwenye uangalizi tu. Usiku huo hauhesabiwi. Isitoshe, siku hizi wengi wanaopanuliwa mfereji wanaruhusiwa siku hiyohiyo au kesho yake. Kila asubuhi uliza: "Amelazwa rasmi?" Kama yake ni Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni binafsi, piga simu kwa kampuni kabla ya upasuaji, masharti yao ni mengine.

Kazini, kama mwajiri ana wafanyakazi 50 au zaidi, na umefanya kazi kwake mwaka mzima na saa 1,250, sheria ya likizo ya kuuguza, FMLA, inakupa wiki 12 bila mshahara na kazi yako inabaki. Daktari akiona inafaa, unaweza kuzichukua kidogokidogo, siku ya kliniki tu kwa mfano. Mkeo sheria hiyo haimhusu hapa, mama mkwe hahesabiwi mzazi.

Kumwamsha kitandani: akunje magoti, ageuke ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo, miguu ishuke ukingoni huku anajisukuma kwa kiwiko. Usimvute mkono. Baba alikuwa ananinyooshea mkono kila alfajiri, nami naweka yangu nyuma ya mgongo hadi anaguna na kujigeuza mwenyewe.

Mkeka, kibao cha mbuzi na ufagio mfupi vifichwe kabisa. Kama anaswali, aswalie kwenye kiti, asisujudu chini hadi daktari aruhusu. Avae dera, si nguo ya kuinamia, na kandambili zikae mbali. Kuoga hatakubali umwone wewe, usishindane naye, tafuta msaidizi wa kike.

Dawa kali za maumivu zinafunga choo. Omba ya kulainisha tangu siku ya kwanza, na mkeo amuulize waziwazi, maana wazee wetu watasema sijambo na tumbo limejaa. Zile diklofenaki za kwenye mkoba wake mwondolee asizimeze, hasa kama anafungwa skrubu, mpaka daktari aseme. Na shangazi asije na mafuta ya kuchua.

Akishindwa kukojoa, akifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikilegea ghafla, piga simu ya dharura, 911, saa hiyohiyo, msingoje kupambazuke. Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa maji, au homa, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Dada yenu, Columbus

*

Kijana, dada kamaliza. Langu moja: dai mkalimani wa Kiswahili, hospitali inamleta bure. Usitafsiri wewe, kuna mambo mama hatayasema mbele ya mwanawe. Na wageni wape zamu, wakija kumi atajikaza kukaa kwenye kochi saa mbili kwa heshima.

Mzee wa Dayton

*

Nawashukuru sana. Dada, woka na kiti cha kuinulia choo bima inatoa?

*

Woka wanalipia, daktari akiandika. Kiti cha kuinulia choo hawalipii. Usinunue, cha baba kipo gereji kwangu, pita Jumamosi baada ya saa nne ukichukue.