Alhamisi tutakula wapi?

Kikundi: WAJUKUU WA BIBI, LANGONI

Jumapili, baada ya Isha

Nasra: Assalam aleykum jamia. Tiketi zishatoka, alhamdulillahi. Imebaki neno moja tu. Alhamisi, usiku wa mahafali ya Athmani huko Stellenbosch, Afrika Kusini, tutakula wapi? Mimi nishapata mahali. Natuma picha.

Nasra: [picha: meza ndefu chini ya miti, safu za mizabibu mpaka mlimani]

Mama Fatma: Waaleykum salam. Mashallah, pazuri. Hizo chupa mezani za nini?

Nasra: Za maji mama

Mahmudi Malindi: Dada, mimi nimo jikoni mwaka wa kumi na moja huu. Chupa ya maji haina shingo ile 😂

Ami Omari: Nilijua. Nilisema tangu mwanzo, mtoto wa Lamu kwenda kusoma Stellenbosch ni sawa na kumpeleka paka akalinde samaki.

Athmani: Ami, mimi nimesoma sayansi ya chakula. Divai ni idara nyingine, jengo nalo ni jingine.

Ami Omari: Lakini geti ni moja.

Athmani: 🙏

Hashimu: Mimi popote penye nyama.

Athmani: Haya nisikizeni, maana mwenyeji ni mimi. Mji huu umezungukwa na mizabibu kila upande, tangu enzi za Waholanzi, 1679 huko. Mashamba mengi yana migahawa yao, na Nasra hakukosea, ni pazuri kweli. Ila mgahawa wa shambani ni wa mchana. Wengi saa 10 au 11 alasiri wanakunja vitambaa, mpishi anakwenda kwao. Wanaopika usiku ni wachache, na meza zao kwa Desemba zinashikwa wiki nyingi kabla. Hao wa kwenye picha nimewapigia simu sasa hivi. Alhamisi usiku hawapiki.

Nasra: Ungesema mapema bwana

Athmani: Ungeuliza mapema. Nikawapigia wengine wa upande wa Franschhoek, mji wa jirani, wao usiku wanapika. Ni vyakula vitano kwa mpango wao, huchagui, na kila sahani inakuja na glasi yake ya divai. Nikasema glasi hatuzitaki. Randi 1,200 kwa kichwa bila glasi.

Ami Omari: Randi moja shilingi ngapi?

Athmani: Kama saba.

Ami Omari: Shilingi 8,400 mtu mmoja. Hiyo bei ya mbuzi. Mimi, mamako, Nasra, mumewe, wewe na wenzako wawili, saba. Mbuzi saba! Hiyo si karamu, hiyo ni akika ya watoto wa kiume watatu na nusu.

Rukia: 😂😂😂 nimemsomea Bibi amecheka mpaka akakohoa

Rukia: Bibi anasema nimwandikie: "Mimi siendi, miguu haitaki, lakini nina neno. Fatma hatoketi meza moya na watu wanwao ulevi. Babake Athmani, Mungu amrehemu, hakuketi, na nyinyi hamtoketi. Na huo mtuzi wao mumeuliza umetiwa nini?"

Mahmudi Malindi: Hapo Bibi amegusa penyewe. Wengi wanaogopa nguruwe, wanaangalia nguruwe tu. Kumbe shida iko kwenye sosi. Ule mchuzi mweusi unaong'aa juu ya steki ni mifupa iliyochemshwa na divai nyekundu mpaka ikakauka. Kome, divai nyeupe. Uyoga, divai. Risoto, ule wali wa Kitaliano, kabla ya supu unamwagia divai. Mimi nikipika bila divai kwa ajili ya mteja Mwislamu, bosi wangu Mwitaliano hunitazama kama nimemwibia saa.

Hashimu: Si wanasema ikipata moto inaruka?

Mahmudi Malindi: Hairuki yote kaka. Ikitokota robo saa, bado imebaki kama 40 kwa 100. Hata saa mbili na nusu motoni haiishi. Athmani ndiye msomi, aseme.

Athmani: Kweli. Tuliisoma.

Mama Fatma: Subhanallah. Na sisi mwaka ule pale hotelini tulikula ile steki.

Mahmudi Malindi: Halati, ile tusiirudie 😅 Na kitindamlo pia muangalie, vile vinavyotikisika vina jelatini, na jelatini nyingi ni ya nguruwe. Mnapopiga simu msiulize "mna halali?" Mtu wa mapokezi atasema tunayo, kuku wetu wa halali. Kuku halali, halafu anachomwa wavu mmoja na soseji za nguruwe. Muulizeni nyama mnanunua bucha gani, na sosi yenu mnaianza na nini. Mwenye kujua jiko lake atakujibu papo hapo. Akisema "ngoja niulize" mpe nafasi, huyo mkweli. Akisema "usijali", kateni simu.

Athmani: Huku kuna nembo za halali za MJC na SANHA, zinabandikwa mlangoni au dirishani. Hizo ndizo ninazoziangalia mimi. Stellenbosch mjini utaziona kwenye vibanda vya kuku na chipsi, lakini pa kumketisha mama na Ami siku ya mahafali, sijaparidhia bado.

Ami Omari: Msikiti upo?

Athmani: Upo Ami, wa zamani. Waislamu walikuwa wakikaa mtaa ule pamoja na watu wengine wasio Wazungu, ukiitwa Die Vlakte. Mwaka 1964 serikali ikautangaza mtaa wa Wazungu. Watu wakahamishwa, nyumba zikavunjwa, msikiti ukabaki. Ukiswali pale leo nje ni majengo ya chuo na maegesho ya magari.

Mama Fatma: La haula wala kuwata.

Ami Omari: Na wao madhehebu gani?

Athmani: Shafii kama sisi. Na Maulidi wanayo. Wanawake wanakaa kutwa msikitini wanakata majani ya mchungwa membamba kama nywele, wanatia mafuta ya kunukia, wanafunga vikaratasi vya kugawa. Nilipoona mara ya kwanza nilikumbuka vikuba vya Bibi.

Rukia: Bibi anasema rudia hapo pa majani

Athmani: Nitampigia nimweleze vizuri.

Nasra: Jamani chakula!! Tumeanza na meza tumefika Maulidi.

Nasra: Basi twendeni Cape Town, Bo-Kaap, ule mtaa wa zamani wa Waislamu. Nyumba za rangi rangi, chakula chao wenyewe, halali tupu.

Athmani: Bo-Kaap ni sawa kabisa lakini si Alhamisi usiku. Ni kilomita 50 kwenda na 50 kurudi. Na jua. Desemba huku jua linazama karibu saa 2 usiku. Tukiswali Magharibi ndipo tukae kula, saa 2 na robo. Na saa ya huku iko nyuma ya Kenya kwa saa moja, kwa hivyo tumbo la Ami litasema ni saa 3 na robo.

Ami Omari: Na sindano ya sukari je? Mimi nikichelewa kula natetemeka.

Mama Fatma: Omari wewe utabeba tende na mkate mfukoni, kila safari ni hivyo hivyo.

Athmani: Bo-Kaap tuiweke Ijumaa. Tukaswali Jumaa kwenye Msikiti wa Auwal, wa kwanza nchi hii, 1794. Imamu wake wa kwanza Tuan Guru aliletwa mfungwa kutoka Tidore, kisiwa cha Indonesia, akiwa Robben Island akaandika Kurani nzima kwa kichwa chake. Tukitoka hapo tunakula mchana.

Ami Omari: Hiyo nimekubali bila kura.

Nasra: Na Alhamisi bado hatuna pa kula 🙄

Jumatatu, saa 1 asubuhi

Athmani: Nimelala nikiwaza. Kuna mama mmoja Strand, pwani, kama nusu saa kutoka chuo. Hana mgahawa. Anapika nyumbani kwake kwa oda, ana baraza inaangalia bahari. Wanafunzi Waislamu humwendea Ramadhani. Anapika bobotie, ile nyama ya kusaga yenye bizari na zabibu kavu, juu yake maziwa na yai, inaokwa. Na denningvleis, kondoo wa ukwaju. Na samaki wa huku anaitwa snoek, ana miba kama chuchunge lakini mtamu. Na achari pembeni, wenyewe wanaandika atjar.

Rukia: Bibi amekaa kitako aliposikia ukwaju. Anasema "Hao ni watu. Mtele wanapika?"

Athmani: Wanapika Bibi, wa manjano, na zabibu kavu na mdalasini.

Rukia: Anauliza tamutamu

Athmani: Koesister. Ni unga wenye hiliki na tangawizi, unakaangwa, unatumbukizwa kwenye shira, juu unanyunyiziwa nazi. Kwa kawaida yake ni Jumapili asubuhi lakini kwa heshima ya mahafali atatutengenezea.

Rukia: Bibi anasema hayo ni mahamri yaliyoangukia kisimani

Nasra: Samahanini, mimi nitasema. Tutoke Lamu, tupande ndege mbili, tufike kwenye mashamba ya mizabibu yanayotajwa dunia nzima, halafu tukakae kwenye baraza ya mtu tule wali na mtuzi? Wali na mtuzi si upo hapa?

Ami Omari: Ana hoja.

Mahmudi Malindi: Dada nikwambie nionayo mimi. Waitaliano wanakuja Malindi wiki mbili, kila usiku wanakula spageti kwangu. Bahari iko pale, kamba wako pale, samaki wa kupaka uko mtaa wa pili. Wanakula spageti. Wakirudi kwao wanasema wameiona Afrika. Na hilo shamba lako, chakula chake ni cha Ufaransa, Wahugenoti, wale wakimbizi wa Kifaransa, walikuja na mambo yao 1688. Chakula kilichozaliwa huko hasa ni hicho cha wale waliopelekwa na minyororo. Ukitaka cha Ufaransa njoo Malindi nikupikie, kwa bei ya dada.

Nasra: Bila divai?

Mahmudi Malindi: Bosi akiwa hayupo.

Nasra: 😂 Sawa. Lakini picha zangu?

Athmani: Za picha nitakupeleka Jumatano mchana. Kuna shamba unaruhusiwa kutembea kwenye mizabibu, unakaa chini ya mwaloni, unaagiza roibosi na keki. Roibosi ni chai nyekundu ya milima ya huku, haina kafeini, Ami pia anaweza. Utapiga picha mia.

Ami Omari: Keki hapana, chai ndiyo. Na mizabibu itakuwa na zabibu?

Athmani: Zitakuwa mbichi na ndogo. Wanavuna kuanzia Januari mwishoni mpaka Machi.

Ami Omari: Basi tunakwenda kutazama majani.

Mama Fatma: Athmani, hiyo Strand unayosema, iko karibu na lile kaburi uliloniambia?

Athmani: Karibu sana mama. Sheikh Yusuf wa Makassar, Indonesia, alizikwa hapa Macassar, mji wenyewe umeitwa kwa nchi yake. Waholanzi walimwogopa kwao wakamleta huku 1694 na watu wake 49, wakamweka shamba la mbali ili asionane na watumwa wa mjini. Watumwa wakamfuata huko huko. Alifariki 1699. Mto unaopita hapa Stellenbosch, ule unaonywesha mizabibu, unakwenda kumwagika baharini upande ule ule.

Mama Fatma: Basi Alhamisi alasiri tupite tumsomee Fatiha, ndiyo tuende kwa huyo mama. Usiku wa kuamkia Ijumaa. Nimemaliza mimi.

Hashimu: Kondoo wa ukwaju, nimo.

Ami Omari: Kutoka kaburini mpaka mezani ni muda gani? Nauliza kwa ajili ya sindano.

Athmani: Dakika 15 Ami. Na nimemwomba aweke sambusa mezani kabla ya Magharibi kwa ajili yako.

Nasra: Haya mmenishinda. Lakini nguo mtavaa nitakazosema mimi.

Jumatatu, saa 3 usiku

Athmani: Nimempigia mama wa Strand. Amekubali, watu saba. Ameuliza kama kuna mwenye mzio.

Rukia: Bibi anauliza mzio ndiyo nini

Mama Fatma: Kitu mtu akila kinamdhuru mwili.

Ami Omari: Mwambie nina mzio wa bili.

Athmani: Bei nishapewa Ami. Watu wote saba, mbuzi mmoja na paja.

Rukia: Bibi anasema: "Hilo paja nitalipa mimi. Na mumuulize huo ukwaju anaroweka muda gani."